Ile ya R

Siku ya mtihani Béatha aliamka, akasali, akapiga pasi blauzi ambayo mtahini angeiona nusu tu, akafungua kompyuta. Alama ya wi-fi haikuwepo. Ingekuwa imefifia au imepigwa mstari, angejua la kufanya, maana hayo alishayazoea. Hii haikuwepo kabisa. Pale ilipokuwa jana palikuwa patupu, kama ukuta ulioondolewa picha. Akatafuta Bluetooth, napo akakuta hivyo hivyo.

"Audace," aliita bila kupaza sauti. "Zimepotea."

Mumewe alikuwa amelala chali mkekani, pale pale sebuleni, mto chini ya magoti. Ndivyo alivyoagizwa na daktari tangu lori lake lilipopinduka njia ya Rusumo mwaka juzi na mgongo ukakataa kazi.

"Zimepotea nini?"

"Wi-fi na Bluetooth. Zote mbili kwa mpigo. Fundi Gakwaya alisema zinaendeshwa na programu moja, dereva wanaiita, sasa dereva mwenyewe simwoni."

Audace alicheka, kisha akajuta, maana kicheko kilimshuka mpaka kiunoni. "Basi nyumba hii ina mkosi wa madereva," alisema.

Béatha hakucheka. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, na mtihani ulikuwa saa nane mchana. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inatafuta watu wanaojua Kirundi, Kiswahili na Kiingereza, wakae kwao nyumbani, wawasikilize wagonjwa walio mbali na kuwasemea kwa madaktari. Mtihani wa kuandika alishaupita. Ulibaki wa kusema. Wiki mbili nyuma aliuanza, hedifoni zikakatika katikati ya swali la tatu, mtahini akabaki anapunga mkono kwenye kioo. Wakampa nafasi ya pili, wakamwandikia wazi kwamba ya tatu haipo.

Na masharti yao yalikuwa magumu. Simu hawaitaki, programu yao inakaa kwenye kompyuta tu. Bila hedifoni haifunguki. Sasa kompyuta ya Béatha tundu lake la hedifoni lilikufa kabla hajainunua, na matundu ya USB yalikuwa mawili, moja limevunjika. Kwa hilo lililobaki, ama uchomeke simu upate intaneti, ama uchomeke hedifoni za waya upate sauti. Cha pili kilipaswa kuja kwa hewa, na hewani asubuhi hiyo hakukuwa na kitu.

Ukutani, juu ya meza, kulikuwa na karatasi ya daftari. Iteka, binti yao wa miaka kumi na mmoja, aliandika kwa kalamu nyekundu kanuni za ukalimani ambazo mama yake alikuwa anazikariri usiku na mchana mpaka nyumba nzima ikazijua: Usiongeze. Usipunguze. Usikisie: kama hukusikia, omba urudiwe.

"Mpigie fundi," alisema Audace. "Usikae unaitazama. Haioni haya hiyo."

*

Fundi mwenyewe, Gakwaya, alikuwa na kibanda Kabeza, katikati ya kinyozi na muuza gesi. Ndiye aliyemuuzia Béatha ile kompyuta, na ndiye aliyeipiga windo, yaani Windows, ya kukondeshwa. Kompyuta ilikuwa kuukuu, windo kamili ilikuwa inailemea, ukibonyeza kitu unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ndipo kifunguke. Gakwaya akaenda mtandaoni, akachukua windo iliyochongwa na mtu asiyejulikana jina wala nchi, ambaye alikata kila alichoona hakina kazi. Tangu hapo mashine ilikuwa inakwenda mbio. Kilichokuwa kinapotea kilikuwa kinapotea kimoja kimoja, wala huwezi kujua kimekatwa mpaka siku unayokihitaji.

Jana yake, Jumatano, Béatha alimpelekea aitengeneze Bluetooth. Kibanda kilikuwa na wateja wanne wamekaa kwenye benchi.

"Raptop hii, Mama Iteka," Gakwaya alisema huku anafungua mgongo wake kwa bisibisi, "nimeitoa mafuta yote, imebaki nyama tupu."

Béatha alikulia Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili kinaamka na watu na kulala na watu. Tangu aje Kigali, jambo moja lilikuwa linamwasha masikio: R za wenyeji zinazokaa mahali pa L. Siku nyingine hunyamaza. Jana alikuwa na hofu ya mtihani, na hofu yake ikatafuta pa kutokea.

"Laptop, Gakwaya. Sema la, la, la. Kama mtoto anayebembelezwa."

Benchi zima likacheka. Gakwaya naye akacheka.

"Nisamehe. Urimi wangu iko mzito."

"Ulimi," alisema Béatha.

Hiyo ya pili haikuwa na haja. Alijua haina haja hata kabla haijamtoka. Gakwaya aliinamia bisibisi zake, akaitengeneza Bluetooth, akaijaribu kwa hedifoni, ikalia vizuri kabisa, na hakusema tena neno mpaka alipomrudishia mashine kwa mikono miwili.

*

Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ikapokelewa, nyuma yake kukiwa na kelele za wanafunzi. Béatha aliiweka sauti ya juu ili mikono yake ibaki kwenye kompyuta.

"Mama Iteka, mwaramutse. Niko Rwamagana leo. Iko shule moja, kompyuta makumi mbili zote zimerara."

Béatha alimweleza. Alimweleza kwa mpangilio, kama mtu aliyesomea kueleza: nini kilikuwepo, nini hakipo, tangu saa ngapi.

"Yego, nimeelewa," alisema Gakwaya. "Ile dereva niliweka jana ilikuwa ya kujaribu tu. Umezima, imeanguka. Sikia sasa. Kwa kioo cha kompyuta iko forda nimeandika MADEREVA. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Ndani iko mbili. Zinafanana kila kitu, namba ni moja, tofauti ni herufi ya mwisho. Moja iko L, nyingine iko R. Umeona?"

Hapo L na R zake zilimfikia Béatha kama mapacha, hakujua ipi ni ipi, lakini kwenye kioo zilikuwa wazi. "Nimeziona," alisema.

"Weka ile ya R."

"Ya?"

Gakwaya alinyamaza kidogo, halafu akaisema polepole, akaivuta kwa uangalifu. "R. Ile ya R."

"Sawa. Urakoze cyane."

"Ngoja nimarize hawa watoto, nitakupigia." Akakata.

Béatha alikaa na kidole juu ya kipanya. Alikuwa anatabasamu, Mungu amsamehe. Mtu anayesema kompyuta zimerara, anayesema forda na raptop, leo anasema R. Na jinsi alivyoivuta ile herufi, Béatha alisikia mtu anayeitafuta L kwa nguvu zake zote asiipate.

"Amesema R," alisema Audace kutoka mkekani.

"R ya Gakwaya ni L. Humjui?"

"Mimi nimesikia R."

"Wewe umesikia sauti. Mimi nimesikia anachotaka kusema."

"Basi muulize tena. Simu si iko hapo?"

Béatha aliitazama simu. Muda ulikuwepo, inite za kupigia zilikuwepo. "Nimuulize nini? Nimwambie, Gakwaya, hiyo ni L yako au ni R ya watu? Jana nimemfanya achekwe mbele ya wateja wake, leo nimwaibishe mbele ya wanafunzi? Nina moyo mimi pia."

Na kweli alikuwa nao, tusimwonee. Alikuwa amelala na aibu ya lile neno la pili, na alitaka leo amfanyie fundi wema wa kumwelewa bila kumfanya arudie. Ila wema ule ulikuwa umechanganyika na kitu kingine: alikuwa na masikio, na aliyajua ni masikio mazuri, na dunia nzima ilikuwa haijamlipa hata siku moja kwa masikio hayo. Karatasi ya Iteka ilikuwa ukutani mbele ya pua yake. Aliipita kwa macho.

Akabonyeza ile ya L.

Windo kamili ina mlinzi wake. Ukiiletea dereva asiye wa gari lake, mlinzi anamdai kitambulisho, na akikosa anamfukuza. Lakini yule mtu asiyejulikana, alipokuwa anakata mafuta, alimwona mlinzi naye ni mafuta. Dereva wa L aliingia bila kuulizwa. Mstari wa kijani ukatambaa mpaka mwisho, Béatha akashusha pumzi, na kioo kizima kikageuka bluu.

Kulikuwa na kiuso kidogo kilichokunja mdomo, na maandishi meupe. Kikazima. Kikawaka. Nembo ikazunguka, ikazunguka, bluu tena. Alizima mwenyewe kwa kidole, akahesabu mpaka thelathini, akawasha. Bluu. Alijaribu mlango wa nyuma ambao Gakwaya aliwahi kumwonyesha kwenye kompyuta nyingine, ule wa kuirudisha mashine ilivyokuwa jana. Kwenye hii haukuwepo. Nao ulikuwa umekatwa.

"Imekuwaje?" aliuliza Audace. Kutoka pale chini alikuwa haoni kioo, alikuwa anaona uso wa mkewe.

"Imekufa."

"Kabisa?"

"Audace, niache kidogo."

*

Alimpigia Gakwaya mara nne, simu ikaita mpaka ikachoka. Akamtumia ujumbe. Jibu likaja saa tano na nusu, picha na maneno. Picha ilikuwa ya kadi ndogo ya kijani, ile ya wi-fi na Bluetooth, aliyoipiga jana alipoufungua mgongo wa kompyuta. Juu yake kulikuwa na namba, na mwisho wa namba kulikuwa na R. Ilikuwa nyeupe, imechapwa kiwandani, na herufi iliyochapwa haina lafudhi. Chini yake Gakwaya aliandika: *Simu iko kwa chaji pole. Uliweka hii? Kama uliweka nyingine ni kupiga windo upya. Nafika jioni.*

Béatha alisoma neno "uliweka" mara mbili. L yake ilikuwa mahali pake. Hakujibu.

"Ilikuwa R," alimwambia mumewe.

Audace angeweza kusema. Haki ya kusema alikuwa nayo, kwa kuwa alimwonya. Aligeuza tu shingo akatazama dari, akasema, "Cyber ya chini pale?"

"Programu yao inataka chumba cha peke yako na kamera. Na yule mwenye cyber hawezi kuniruhusu niingize kitu kwenye mashine yake."

"Jirani?"

"Nani Batsinda hii ana laptop asiyeitumia mchana?"

Wote wawili walikuwa wanalifikiria jina moja. Audace ndiye aliyelitaja. "Mama Kaliza."

Béatha alikuwa anafua na kupiga pasi kwa Mama Kaliza, Kibagabaga, siku tano kwa wiki. Asubuhi hiyo alikuwa amemtumia ujumbe kwamba ana malaria.

"Nitamwambia nini?"

"Ukweli," alisema Audace. "Tumebaki na huo tu."

*

Mama Kaliza, jina lake Mukunde, alikuwa mtu wa ofisi, aliyekulia Bukoba na kurudi Rwanda akiwa binti mkubwa. Wiki hiyo alikuwa likizo. Alimfungulia geti mwenyewe, akamtazama kuanzia blauzi iliyopigwa pasi mpaka viatu vya kanisani.

"Béatha. Mbona umetoka kitandani? Malaria haitaniwi, dada yangu."

"Sina malaria, Mama Kaliza."

Béatha akamwelezea pale pale getini, kwa kuwa hakukaribishwa ndani bado na hakuwa na haki ya kukaribishwa. Alimweleza kampuni, mtihani, saa nane, kompyuta iliyokufa. Alisema anaomba saa moja tu, laptop na chumba, hata stoo inatosha.

Lazima tumpe Mukunde haki yake. Hakufunga geti. Alimwingiza, akamkalisha kwenye kiti cha wageni ambacho Béatha alikuwa hajawahi kukikalia, ingawa alikifuta vumbi mara mia. Akaleta laptop yake, nyembamba, ya ofisi. Béatha akaandika anwani ya programu. Ilishuka kwa dakika moja. Alipotaka kuiweka, kikatokea kiboksi kinachodai neno la siri la msimamizi.

"Hilo sina," alisema Mukunde. "Hii inakataa kila kitu. Hata picha za Kaliza ilinikatalia."

"Hakuna mtu wa kupigia?"

Mukunde akampigia mtu wa kompyuta ofisini. Walizungumza Kinyarwanda, na Béatha, ambaye masikio hayakuwa tatizo lake, alisikia kila neno kabla ya kuelezwa. Kuna fomu. Ijazwe, isainiwe na mkuu wa idara. Siku tatu.

"Anasema..." alianza Mukunde.

"Nimesikia, mama."

Aliitazama ile laptop. Moja ilikubali kila mgeni mpaka ikafa. Nyingine ilikuwa nzima, yenye afya, na haikubali mtu. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

"Pole," alisema Mukunde, na alikuwa anamaanisha. Kisha akafunga laptop akaiweka mapajani. "Ila nikuulize kitu, Béatha. Ungepita, ungeniambia lini?"

Béatha alifuta mkono wa kiti kwa kiganja, kama siku zote.

"Siku ya kuanza? Au ningeamka nikute hujaja?"

"Ningekuambia, Mama Kaliza."

"Na asubuhi nilikutumia hela ya dawa. Uliipata?"

"Niliipata."

"Dawa umenunua?"

Hapo angeweza kunyamaza. Alikuwa amechoka kudanganya. "Nilinunua bando," alisema. "Ya mtihani."

Mukunde alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayesoma barua ndefu. Hasira haikuonekana usoni mwake, na Béatha alitamani ingeonekana.

"Haya," alisema mwishowe. "Mwisho wa mwezi tutaongea, mimi na wewe. Sasa kwa kuwa umefika, mashuka ya chumba cha wageni yapo bafuni. Mama mkwe anakuja kesho."

*

Saa nane kamili ilimkuta Béatha ameinama kwenye karai nyuma ya nyumba, mikono ya blauzi imekunjwa mpaka viwikoni. Simu ilikuwa kwenye dirisha la jikoni. Alijua mahali fulani duniani mtahini amefungua kioo chake na anangoja, pengine anakunywa chai, pengine anatazama saa. Alijua pia swali la kwanza, kwa kuwa mara ile ya kwanza aliulizwa: mgonjwa anasema ana maumivu kifuani tangu jana, mwambie daktari. Alilisema kimoyomoyo kwa Kiingereza, vizuri, huku anakamua shuka. Akalisema la pili. Alipofika la tatu, lile ambalo hedifoni zilikatikia, alisimama. Machozi yalikuja bila kwikwi yoyote, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni.

Saa nane na dakika ishirini simu ililia mara moja, mlio wa barua. Hakwenda kuifungua. Yalikuwa yamebaki mashuka mawili.

*

Alipofika nyumbani saa kumi na moja, alimkuta Gakwaya amekaa kwenye kigoda karibu na mkeka wa Audace, kofia ya pikipiki mapajani. Alikuwa ametoka Rwamagana, akaipita Kabeza bila kufungua kibanda, akaja moja kwa moja. Iteka alikuwa amempa chai. Kompyuta ilikuwa mezani mbele yake, na kile kiuso kidogo kilikuwa kinakunja mdomo.

"Wihangane, pole, Mama Iteka," alisema, akasimama.

"Ahsante kwa kuja, Gakwaya. Kaa."

Hakukaa. Alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Mzee ameniambia uliweka ya L."

"Niliweka ya L."

"Lakini nilisema R."

"Ndiyo. Ulisema R."

"Sauti haikufika vizuri? Kulikuwa na kelele ya watoto."

Alikuwa anampa mlango wa kutokea, yule kijana. Béatha angeweza kuupita, wangeilaumu mitambo ya simu wote watatu, na jambo lingeishia hapo. Audace alikuwa anamtazama. Iteka pia alikuwa anamtazama.

"Sauti ilifika," alisema Béatha. "Nilikusikia. Nilidhani unataka kusema L, umeshindwa."

Gakwaya aliacha kuizungusha kofia. Hakukasirika. Afadhali angekasirika naye, siku nzima hiyo hakuna mtu aliyetaka kumkasirikia Béatha.

"Jana uliponiambia la, la, la," alisema, taratibu sana, kila neno analishika kwanza kabla ya kuliachia, "nilikwenda nyumbani nikafanya mazoezi. Mke wangu alicheka mpaka akalala chini. Leo nilipokuwa naongea na wewe, iko maneno yaliniponyoka. Ile kulala iliniponyoka. Lakini ile R nilijua ni kitu cha kuua mashine, nikaifikiria kwanza. Ile nilisema vizuri, Mama Iteka."

Alisema *nilisema*, alisema *ile*, alisema *kulala*, na L zote zilikuwa safi kama za Buyenzi. Béatha alizisikia moja moja. Masikio yake yalikuwa bado mazuri.

"Ulisema vizuri," alimjibu. "Nisamehe."

"Nitaipiga windo upya. Bure. Kesho kutwa naileta."

"Haina haraka," alisema Béatha.

Gakwaya akaifunga kompyuta na kiuso chake ndani, akaitia kwenye mkoba, akawaaga mmoja mmoja. Walisikia pikipiki ikikata kona ya mwisho ya nyumba za Batsinda, halafu hawakuisikia tena.

*

"Wameandika?" aliuliza Audace.

"Wameandika."

"Nisomee."

Audace hakujua Kiingereza. Béatha alivuta kigoda kile kile alichokalia fundi, akakaa, mgongo wima, simu mbele ya uso. Iteka alianza kusema kitu, baba yake akamwonyesha kidole mdomoni. Nyumba ikanyamaza kama kampuni inavyotaka chumba kinyamaze.

"'Mpendwa Béatha,'" alisema. "'Leo saa nane za Kigali tulikungoja kwa dakika kumi na tano. Hukuingia. Kwa kuwa hii ilikuwa nafasi yako ya pili, tumelifunga ombi lako. Hatupokei ombi jipya kutoka kwa mtu ambaye ombi lake limefungwa. Tafadhali usijibu barua hii, hakuna anayesoma majibu. Tunakushukuru kwa kupendezwa na kazi yetu, na tunakutakia mafanikio.'"

"Wamesema mafanikio?"

"Wamesema."

"Hujaongeza?"

"Sijaongeza."

"Na hujapunguza."

"Hakuna cha kupunguza, Audace. Ni fupi."

Audace alisogeza mto chini ya magoti. Kisha akasema, "Waambie mke wangu kazi anaijua."

"Hawasomi majibu."

"Waambie tu."

Béatha aliitazama simu, kioo chake kilikuwa kimeshazima. Mkalimani hasemi *yeye*, hasemi *mume wangu anasema*. Anaingia kinywani mwa mwenye maneno na kusema kama yeye. Ndivyo wanavyofundishwa wakalimani. Basi akalisema kwa Kiingereza, sauti ya kawaida, bila kuharakisha: mke wangu kazi anaijua. Hakuongeza kitu na hakupunguza. Iteka, ambaye Kiingereza cha shule alikuwa anakielewa kidogo, alitazama karatasi yake ukutani, halafu akamtazama mama yake.

"Umesema vizuri, mama," alisema.

Béatha akainuka kwenda kuivua ile blauzi, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado haijakauka, na kesho asubuhi alikuwa anatakiwa Kibagabaga mapema.